Maswali ya Wasomaji: Chevrolet yenye Injini ya Suzuki

SWALI: Mhariri, salaam. Hivi karibuni nilinunua gari dogo aina ya Chevrolet Cruze kutoka kwa dalali mmoja wa hapa mjini. Aliniambia kuwa gari hilo ni Mmarekani halisi, kwamba magari ya Marekani yana bodi nzito na injini ngumu, na kwa sababu hiyo bei yake ilizidi bei ya Suzuki Swift iliyokuwa imeegeshwa pembeni yake, ijapokuwa yote mawili yalikuwa ya mwaka mmoja na yametoka Japani kama mtumba. Nilipolipeleka kwa fundi wa Ngamiani ili abadilishe oili, alifungua boneti, akacheka, kisha akanionyesha neno Suzuki kwenye kava la injini. Tangu siku hiyo wenzangu wa kijiweni wananiita "Marekani ya Japani". Je, nimeuziwa gari la kughushi? Na ikiwa injini si yake, kadi ya gari haitanitia matatani? — M.S., Makorora, Tanga.

JIBU: Ndugu M.S., kwanza ondoa hofu. Gari lako halijaghushiwa, injini iliyomo ndiyo iliyofungwa kiwandani, na kadi yako inayosema Chevrolet inasema kweli. Hata dalali, kwa upande wa jina, hakukudanganya. Alichofanya ni kuligeuza jina kuwa sifa, kisha akakutoza fedha kwa sifa ambayo gari halina.

Chevrolet ni jina la biashara la kampuni ya General Motors ya Detroit, mji wa viwanda vya magari huko Marekani. Kampuni hiyo ilianza kununua hisa za Suzuki mwaka 1981, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa inamiliki asilimia 20. Katika kipindi hicho ndipo kampuni hizo mbili zilipotengeneza gari dogo kwa ajili ya soko la Japani, likaundwa na Suzuki katika kiwanda chake cha Kosai, mkoani Shizuoka, na likaanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2001 kwa jina la Chevrolet Cruze. Chini ya bodi hiyo ni Suzuki Swift ya wakati ule, ile ambayo namba yake ya chasisi huanza na herufi HT. Yako, ukiitazama kwenye kibati kilichomo ndani ya boneti, itaanza na HR. Injini ni M13A ya cc 1300 au M15A ya cc 1500, zote za Suzuki na zote zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Ipo pia Chevrolet MW, ambayo namba zake huanza na ME, nayo kwa hakika ni Suzuki Wagon R Solio iliyobandikwa nembo nyingine. Kwa hiyo lile gari lililokuwa limeegeshwa pembeni, ambalo dalali alilidharau ili alipandishe hadhi lako, huenda lilikuwa ndugu wa damu.

Huenda sasa unajiuliza kwa nini kampuni kubwa ya Marekani iuze kwa jina lake gari lililoundwa na watu wengine. Desturi hiyo ni ya zamani, na haikuanzia kwa Suzuki. Kwa miaka mingi viwanda vya Detroit vilipata faida yao kwenye magari makubwa, na kuunda gari dogo kwa mishahara na mitambo ya Marekani kuliacha faida kiduchu au hasara. Wateja nao walianza kuyakimbilia magari madogo ya Japani na Ujerumani. Njia ya mkato ilikuwa kumfuata aliyekwisha kuliunda gari hilo, kununua sehemu ya kampuni yake, na kulileta nyumbani likiwa na nembo ya Kimarekani. Mwaka 1971 General Motors ilinunua asilimia 34.2 ya Isuzu, na mwaka huohuo Chrysler ilichukua asilimia 15 ya Mitsubishi. Ford iliingia Mazda kwa asilimia 25 mwaka 1979, ingawa tayari ilikuwa ikiuza pikapu za Mazda tangu mwaka 1972. Mafuta yalipoadimika mwishoni mwa mwaka 1973, baada ya nchi za Kiarabu kuinyima Marekani mafuta, mwenye gari dogo mkononi alionekana mwenye akili kuliko wote, hata kama gari lenyewe aliliazima.

Orodha ya magari hayo ni ndefu, na baadhi yake sisi wa pwani tungeyatambua mara moja kama tungeyaona bila nembo. Dodge Colt, ya kampuni ya Chrysler, ilikuwa Mitsubishi. Dodge Raider, iliyouzwa Marekani kuanzia 1987 hadi 1989, ilikuwa Pajero fupi ya milango miwili, ileile. Geo Tracker, ya General Motors, ilikuwa Suzuki Escudo. Chevrolet LUV ilikuwa pikapu ya Isuzu, ndugu wa zile KB ambazo wazee wetu walizifahamu vizuri sana. Ninayoipenda zaidi ni Ford Festiva: ilisanifiwa na Mazda wa Japani, ikaundwa na Kia wa Korea Kusini, ikauzwa na Ford kwa Wamarekani, na mnunuzi akaenda nayo nyumbani akiamini amenunua gari la kwao.

Hapo kwenye LUV kuna kisa ambacho kinafaa kusimuliwa, maana kinahusu kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku waliotoka Marekani, ambao walikuwa wakiuzwa kwa bei ya chini kiasi cha kuwaumiza wafugaji wa huko. Marekani ililipa kisasi kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa kadhaa, yakiwemo magari madogo ya mizigo, kuanzia Januari 1964. Aliyelengwa hasa alikuwa Volkswagen wa Ujerumani. Ugomvi wa kuku ukasahaulika, ushuru wa bidhaa nyingine ukaondolewa, lakini ule wa pikapu ukabaki, na miaka kadhaa baadaye ukawaangukia Wamarekani wenyewe waliotaka kuleta pikapu za Kijapani kwa majina yao. Walijitafutia mlango wa nyuma: pikapu ilisafirishwa ikiwa ni kichwa na chasisi tu, bila bodi ya nyuma, na kwa hali hiyo ilihesabiwa kuwa gari ambalo halijakamilika na kutozwa asilimia 4. Ikifika Marekani, inafungiwa karai la mizigo kwa dakika chache, inakuwa Chevrolet LUV au Ford Courier kamili, na inaingia sokoni. Serikali iliuziba mlango huo mwaka 1980. Muda si mrefu Chevrolet na Ford wakawa wanaunda pikapu zao ndogo huko huko nyumbani, na LUV na Courier zikaondoka sokoni.

Turudi kwenye fedha zako, kwa sababu hilo ndilo lililokuuma. Kule Fremont, California, General Motors na Toyota walikuwa na kiwanda cha ubia kilichoitwa NUMMI, kilichoanza kazi mwaka 1984. Humo, mafundi walewale waliunda Toyota Corolla na Geo Prizm, magari yanayotofautiana kwa mapambo na nembo lakini kwa ndani ni kitu kimoja. Sokoni, yalipokwisha kutumika, Prizm ilishuka bei haraka kuliko Corolla, kwa sababu tu mnunuzi wa Marekani aliiamini nembo ya Toyota zaidi. Waliokuwa na habari walinunua Prizm kwa bei nafuu wakatembelea Corolla. Wewe, ndugu yangu, umefanya kinyume chake: umelipia nembo ili kutembelea gari lilelile. Ukitaka kuliuza siku za usoni, usitegemee kuirudisha ile ziada, kwa kuwa mnunuzi wa Tanga anayejua mambo ataanza kwa kukuuliza spea zinapatikana wapi, na neno Chevrolet litamtia wasiwasi kabla hujamaliza kueleza.

Jibu la swali lake, hata hivyo, ni zuri, na hapa ndipo bahati yako ilipo. Kama gari lako lingekuwa Mmarekani halisi kama dalali alivyonadi, ungekuwa unatafuta plagi na filta kwa tochi. Kwa kuwa ni Suzuki, karibu kila kinachochakaa chini ya gari na ndani ya injini kinapatikana kwa jina la Suzuki: filta ya oili, plagi, koili, brek padi, bushi za mbele, beringi za hubu, shokapu. Usiende dukani ukasema unataka vipuri vya Chevrolet Cruze. Muuzaji ataitazama picha ya nembo kichwani mwake na kukujibu kuwa hana, au kuwa mzigo utatoka Dubai. Mwambie unataka vya Suzuki yenye injini ya M13A, au M15A kama ndiyo yako, mpe na namba ya chasisi, halafu utashangaa kuona anachomoa boksi kwenye rafu iliyo nyuma yake. Visivyoingiliana na Swift ni vile vya sura: shoo ya mbele yenye nembo, bampa na taa. Hivyo vitunze, na ukigonga, mtafute mtu wa spea za mtumba Gerezani, Dar es Salaam, ambako huletwa magari mazima yaliyokatwa.

Onyo moja kubwa, kwa sababu limewagharimu watu. Mwaka 2008 General Motors ilianza kuunda Korea Kusini, katika kiwanda chake kilichokuwa cha Daewoo, gari jingine kabisa lenye umbo la saluni, na baadaye ikaliita pia Chevrolet Cruze. Hilo halina uhusiano wowote na lako isipokuwa jina. Ukiagiza kifaa kwenye intaneti kwa kuandika Chevrolet Cruze peke yake, vitu vingi utakavyoonyeshwa ni vya gari hilo la Korea, ambalo liliuzwa kwa wingi duniani kuliko lako. Vitafika, utavilipia ushuru, na havitaingia.

Kuhusu kadi: jina la gari, namba ya chasisi na namba ya injini vikilingana na vilivyopo kwenye gari, hakuna askari wala ofisa wa mapato atakayekuuliza kwa nini injini ya Chevrolet imeandikwa Suzuki. Kinachotia watu matatani ni injini iliyobadilishwa gereji bila kusajiliwa upya.

SWALI: Mhariri, hujambo? Mimi ni mama mfanyabiashara, ninakusanya machungwa vijijini na kuyaleta barabarani. Nina Ford Ranger ya mwaka 2003, dizeli ya 2.5 yenye turbo. Ilipoungua klachi, kijana niliyemtuma alizunguka maduka yote akiambiwa kuwa pleti ya Ford haipo na kwamba lazima iagizwe Afrika Kusini. Machungwa hayasubiri. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa lori, anasema gari hili si Ford bali ni Mazda, nami sijui kama anajua au anataka kuongea. — Bi. R., Muheza.

JIBU: Bi. R., pole na hasara ya machungwa, na shemeji anastahili kuombwa radhi. Ranger za umri huo zilizouzwa nje ya Amerika Kaskazini zilisanifiwa na Mazda, na nyingi zilitoka kwenye kiwanda cha ubia wa Ford na Mazda kilichoko Rayong, Thailand, ambacho kilianza kutoa magari mwaka 1998. Mstari uleule ulitoa Mazda B2500, ambayo baadhi ya masoko yaliiita Fighter. Injini yako ni WL ya Mazda, na herufi hizo utazikuta zimegongwa kwenye bloku. Mwambie kijana wako aache kabisa kutamka neno Ford dukani na aulize pleti ya klachi na presha pleti za Mazda WL. Hata hivyo achukue pleti ya zamani mkononi ili waipime kwa macho kipenyo na meno ya katikati kabla hajatoa fedha.

Kwa kuwa injini hiyo hutumia mkanda wa taimingi, na kwa kuwa nyinyi wa machungwa hupandisha mzigo kwenye milima bila huruma, muulize fundi mkanda ulibadilishwa lini. Kama hakuna anayekumbuka, ubadilishwe sasa, wakati gari limekwisha kusimama. Mkanda ukikatika njiani, gharama ya klachi utaiona ndogo.

Tafadhali usichukue maelezo haya ukayatumia kwa Ranger mpya. Ile iliyotoka mwaka 2011 ilisanifiwa na Ford yenyewe, kazi ikifanywa Australia, na safari hii Mazda BT-50 ndiyo iliyofuata nyuma yake. Ford alikuwa amekwisha kupunguza hisa zake Mazda tangu mwaka 2008. Kwa hiyo kama jirani yako ana Ranger ya umbo hilo na anakuja kukuuliza ulikopata spea, mwambie aanzie kwa Ford.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nimekuwa nikisoma habari hizi za magari ya Marekani yaliyoundwa Japani, na sasa najiuliza: hapa Tanga kuna gari lolote la watu wa kawaida lililoundwa Marekani kweli? — Kijana wa Raskazone.

JIBU: Marahaba. Lipo, na umepishana nalo mara nyingi bila kulitilia maanani, kwa sababu limeandikwa Toyota. Toyota Voltz, ile yenye mgongo wa juu kidogo iliyoingia hapa kama mtumba kutoka Japani, iliundwa Fremont, California, kwenye kiwanda kilekile cha NUMMI nilichokitaja hapo juu. Kwa Wamarekani iliitwa Pontiac Vibe, Pontiac likiwa jina jingine la biashara la General Motors; kwa Wajapani, kuanzia mwaka 2002 hadi 2004, ilipelekwa ikiwa na usukani wa kulia na nembo ya Toyota. Haikuuzika sana huko, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya wauzaji wa mitumba waitoe kwa bei ambayo sisi tuliweza kuimudu. Toyota haikuwa mara yake ya kwanza kufanya hivyo: katika miaka ya 1990 iliuza Japani Chevrolet Cavalier iliyotoka Lordstown, Ohio, ikiwa imebandikwa jina la Toyota Cavalier, nayo ikawashinda wauzaji. Ukikutana na Cavalier inauzwa rahisi, ipite. Ni Toyota kwa jina tu, na spea zake hazifanani na za Toyota yoyote unayoifahamu.

Ukipanda daraja kidogo, Mercedes-Benz ML za mwanzo, kuanzia 1997, ziliundwa Tuscaloosa, Alabama, na BMW X5 tangu 1999 imekuwa ikitoka Spartanburg, South Carolina. Wenye magari hayo mara nyingi hukataa katakata ukiwaambia, kwa kuwa walilipia Ujerumani. Mmoja atakuonyesha namba ya chasisi inayoanza na WDC na kukwambia kuwa herufi W ni ya Ujerumani. Ni kweli kwamba W ni ya Ujerumani, lakini herufi tatu za mwanzo huitambulisha kampuni ambayo gari ni lake kibiashara, na Mercedes ilizitumia hizo hata kwa ML zilizoundwa Alabama kwa ajili ya masoko ya nje ya Marekani. Kiwanda husomwa kwenye nafasi ya 11: ukiikuta A, gari limetoka Tuscaloosa, ukiikuta X, limetoka Graz, Austria, ambako baadhi ya ML ziliundwa kwa muda.

Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, njia hiyo haitakusaidia, kwani hayana namba ya tarakimu na herufi 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Voltz utaitambua kwa ZZE136 au ZZE138. Na kama unafikiria kununua moja, injini ya ZZE136 ni 1ZZ ya cc 1800, ambayo imo pia ndani ya Allion na Premio za 1.8 za kipindi hicho, kwa hiyo kwa upande wa injini hutasumbuka. Kioo cha mbele, taa na milango ni habari nyingine: hivyo ni vya Pontiac. Kagua kioo kwa makini kabla hujapatana bei, na kikiwa na ufa, mwache mwenye gari akitafute yeye.